Tumhoji Mwandishi, Tusihukumu Kistari

Kuna tabia imeingia vyuoni, maofisini na hata katika vyumba vya habari, nami naona tuiseme mapema kabla haijawa desturi. Mtu anapokea barua ya maombi, ripoti au makala. Kabla hajajua inasema nini, anapitisha macho akitafuta kistari kirefu, ile alama ambayo wengine huiita deshi. Akikiona, ameshamaliza: hii imeandikwa na akili mnemba. Haulizi, hasomi hadi mwisho, na aliyeandika haitwi kujieleza.

Naipinga tabia hii kwa nguvu zangu zote. Nilianza kazi kama msoma prufu katika gazeti la Kiswahili hapa Dar es Salaam, nikapanda hadi meza ya uhariri, na tangu nistaafu nahariri miswada ya vitabu na kuwafundisha vijana kuandika. Alama za uandishi ndizo zilizonilisha na kunisomeshea watoto. Ninachokisema ni kimoja: kistari hakitoshi kumtia mtu hatiani, na anayetaka kujua nani kaandika hana budi kuzungumza na mwandishi mwenyewe.

Kisa kilichonisukuma kuandika kimetokea nyumbani kwetu. Mtoto wa kaka yangu anasoma stashahada ya maendeleo ya jamii. Alikwenda fildi pwani ya mashariki ya Unguja, kwa akina mama wanaolima mwani. Kila jioni aliandika aliyoyaona kwa mkono, katika kauntabuku. Aliporudi mjini alikwenda steshenari akalipia kuchapiwa ripoti yake, akaikabidhi. Ikarudi kutoka kwa msimamizi imezungushiwa wino mwekundu kila penye kistari kirefu, na juu ya ukurasa wa kwanza imeandikwa: "Si kazi yako."

Alinipigia simu usiku. "Shikamoo shangazi. Wanasema si mimi niliyeandika." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwishalia. Nikamwambia aje na ripoti, na lile kauntabuku asiliache.

Nilivilaza vyote viwili mezani nikaanza kulinganisha. Karatasi za daftari zilikuwa zimejikunja kwa maji ya chumvi, wino umevuja hapa na pale. Sentensi moja ilisomeka hivi: "Akina mama hupanda kotonii — ule mwani mnene, wenye bei — pale tu maji yanapopoa." Vistari vyote viwili alivichora kwa kalamu, virefu, cha pili kimevuka hadi kwenye pambizo. Nikamuuliza kwa nini hakuweka mkato. Alinijibu papo hapo: "Shangazi, nilitaka anayesoma ajue ni mwani gani kabla hajaenda mbele, maana habari yote iko kwenye bei."

Na kweli habari yote iko hapo. Wakulima wa Zanzibar wanalima aina mbili kuu za mwani. Kuna spinosum, unaostahimili lakini bei yake ni ndogo, na kuna kotonii, unaolipa vizuri lakini maji yakipata joto hufa kambani. Bahari imezidi kuwa na joto, na kotonii imewapotea akina mama wengi. Asiyejua tofauti ya bei hataelewa kwa nini mtu aendelee kuhangaika na mwani unaokufa. Maneno yale matano yaliyokaa kati ya vistari ndiyo yanayomweka msomaji sawa. Ungeyaweka kwenye mabano, yangeonekana ni maelezo ya ziada, mtu angeyaruka. Ungeyazungushia mkato, yangechanganyika na mkato uliomo ndani yake. Binti yule alijua anachokifanya.

Mahali pengine alikuwa anamnukuu mama mmoja: "Zamani tulilima hapa hapa karibu, maji ya magotini, siku hizi mpaka tuingie kule ndani, na mimi —" Sentensi inaishia hapo. Mstari unaofuata unaeleza kwamba yule mama alinyamaza, akashika kamba zake, na baada ya kitambo akasema hajui kuogelea. Kistari kile kimeandika namna mama alivyokatiza. Nukta ingedanganya, kwa sababu alichotaka kusema kilikuwa hakijaisha. Nukta tatu zingeonyesha mtu anayesitasita, na huyu hakusita, alijizuia. Nimewahariri waandishi wa miaka mingi ambao wasingeipata alama sahihi mahali pale.

Halafu tufike steshenari. Kijana aliyechapa alipoona mstari mrefu kwenye daftari alibonyeza kistari kifupi mara mbili, kama walivyofanya wapiga chapa tangu enzi za taipureta, kwa kuwa kwenye kibodi hakuna kitufe cha kistari kirefu. Programu ya Word ikaviunganisha viwili vikawa kimoja kirefu. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kujaribu: andika neno, weka vistari vifupi viwili bila kuacha nafasi, andika neno jingine, kisha bonyeza nafasi. Word imekuwa ikifanya hivyo miaka mingi kabla ya ChatGPT kuzaliwa. Kwa hiyo alama iliyozungushiwa wino mwekundu iliwazwa na msichana, ikachorwa kwa kalamu yake, ikarefushwa na programu ya kuchapia.

Alilipeleka daftari kwa msimamizi. Halikufunguliwa. Aliambiwa aandike upya bila vistari, naye akaandika. Sentensi ya kotonii sasa inasema: "Akina mama hupanda kotonii. Kotonii ni mwani mnene. Mwani huo una bei. Hupandwa wakati maji yanapopoa." Nukuu ya yule mama imeondolewa yote. Ripoti ikapita. Nimezisoma zote mbili kwa jicho la mhariri, na ya pili ni mbovu. Kijana amefundishwa, kwa gharama ya ada ya wazazi wake, kwamba ili aaminiwe ni lazima aandike vibaya zaidi ya anavyoweza. Hilo ndilo lililoniuma.

Wasiwasi wa walimu ninauelewa, na siudharau. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, wanaletewa kazi ambazo mwanafunzi hakuzisoma hata yeye mwenyewe. Mwalimu ana mafungu ya ripoti mezani, muda hana, na anaona anachezewa. Ni kweli pia kwamba programu hizi zinapenda kistari kirefu kupita kiasi. Mimi mwenyewe naletewa miswada ambayo kila aya ina vistari, na nikimuuliza aliyeileta, anakiri kwamba hakuiandika.

Lakini tujiulize programu hizi zimekitoa wapi kistari. Zimefunzwa kwa maandishi ya watu: vitabu, magazeti, majarida na kurasa za intaneti kwa wingi usiohesabika. Katika Kiingereza kilichochapishwa, kistari kirefu ni alama ya kila siku, na waandishi wa lugha hiyo wameitumia kwa karne kadhaa. Mashine imechukua mazoea ya watu. Alama iliyotoka kwa watu ikaenda kwenye mashine haiwezi peke yake kukuambia maandishi yaliyo mbele yako yametoka kwa nani kati ya hao wawili.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwenye nia ya kudanganya anaujua mchezo. Akishapata maandishi ya mashine, anafuta vistari vyote kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha. Tangu Novemba 2025 hata kufuta si lazima: mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alitangaza kwamba ukiiagiza ChatGPT katika mipangilio yako isitumie kistari kirefu, sasa inatii. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Huu wa kistari ni mbaya kuliko huo, maana waliomo wameshauona, wanaukwepa. Wanaonaswa ni wasiokuwamo peke yao. Anayeacha kistari katika kazi yake mara nyingi ni yule ambaye haikumpitikia kwamba kuna kosa la kuficha.

Wapo watakaosema kuna programu za kupimia, tuzitumie hizo. Historia yake fupi inatosha kututahadharisha. Januari 2023 OpenAI, kampuni ile ile iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine. Kwa maelezo yao wenyewe, katika majaribio ya Kiingereza, chombo hicho kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikawasingizia binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huo huo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ikiwa waliotengeneza mashine walishindwa kuitambua kazi yake kwa chombo, sembuse jicho lililochoka linalowinda alama moja?

Mwaka huo huo wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote bila shida. Wanafunzi wetu wanaoandika Kiingereza walichojifunza darasani waijue habari hiyo, na walimu wao waijue zaidi.

Aprili 2024 yalitokea mengine. Paul Graham, mwekezaji wa Marekani anayejulikana sana katika biashara za teknolojia, alieleza kwamba barua aliyotumiwa ilimtia shaka kwa kuwa ilikuwa na neno "delve". Wanaijeria wengi wakamjibu kwamba neno hilo kwao ni la kawaida, wamelikuta shuleni na wanalitumia siku zote. Jana lilikuwa neno, leo ni kistari, kesho itakuwa nuktamkato. Kila mara wanaoumia kwanza ni watu waliojifunza kuandika kwa kusoma vitabu na kufuata waliyofundishwa, yaani watu kama sisi.

Wapo pia wanaotetea hukumu hii kwa hoja ya lugha. Wanasema kistari kirefu si cha Kiswahili, ni uigaji wa Kiingereza, kwa hiyo mwenye kukitumia ama amenakili au amepewa na mashine. Hoja hii haisimami. Washairi wetu wa pwani waliandika kwa hati za Kiarabu bila mkato wala nukta za namna hii. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 iliandikwa kwa hati hizo. Msomaji aliongozwa na mizani na vina ajue pa kutua. Mkato, nuktapacha, alama ya kuuliza na kistari vilikuja pamoja na herufi za Kilatini, kwa njia ya mashine za chapa na madarasa. Mwaka 1923, serikali ya Waingereza ilipoanzisha jarida la Mambo Leo hapa Dar es Salaam, maelfu ya wasomaji walizizoea alama hizo kwa kusoma habari zao wenyewe. Tukitaka kukifukuza kistari kwa ugeni wake, tuufukuze na mkato.

Kwenye meza ya gazeti tulifundishwa kwamba vistari ni vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Kifupi kinakata neno mwisho wa mstari, na safu za gazeti ni nyembamba wakati maneno yetu ni marefu: wa-na-o-shu-ghu-li-ki-wa. Kompyuta zilipoingia zilikuwa zinakata kwa kanuni za Kiingereza, zikitupa "kuch-eza" na "ng'om-be", nasi tukakaa usiku kuzisahihisha kwa mkono. Cha kati kinaunganisha miaka, kama Vita vya Maji Maji, 1905–1907. Kirefu kinaingiza jambo ndani ya sentensi, kinaonyesha usemi uliokatizwa, au kinakusanya yaliyotangulia kabla ya neno la kufunga. Mhariri aliyenifundisha hakuwahi kuiona akili mnemba. Alikuwa na rula, penseli nyekundu, na masikio ya kusikia sentensi.

Tena kistari kimewahi kuwa cha mtu hata kikawa sahihi yake. Mshairi wa Marekani Emily Dickinson aliandika karibu mashairi 1,800 akiyajaza vistari. Alipofariki mwaka 1886, karibu yote yalikuwa hayajachapishwa. Waliotoa kitabu cha kwanza cha mashairi yake mwaka 1890 waliviona vistari vile kama kasoro, wakaviondoa na kuweka alama za kawaida. Ilipita miaka 65, hadi 1955, ndipo Thomas H. Johnson alipotoa mashairi hayo yote na kuvirudisha vistari. Wasomaji wakagundua kwamba kilichokuwa kimeondolewa ni pumzi ya mshairi mwenyewe. Wahariri wa 1890 hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na kanuni, na kanuni ikawazuia kusikia. Sisi tunataka kurudia jambo hilo hilo kwa vijana ambao hawajapata hata nafasi ya kuchapishwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye shaka na amwite mwandishi. Amchagulie sentensi moja katika kazi yake, amwambie aisome kwa sauti, aeleze kwa nini aliiandika hivyo na ni nini alichokiacha. Aliyeandika ana mengi ya kusema, na mengine hayakuingia kwenye karatasi. Mtoto wa kaka yangu angeulizwa juu ya kotonii angeongea mpaka msimamizi achoke. Ambaye hakuandika hataweza kueleza sentensi yake ya tatu. Dakika kumi zinatosha, na ni pungufu ya muda unaotumika kuzungushia ripoti nzima wino mwekundu.

Pili, tudai kazi ya awali. Daftari la fildi, rasimu ya kwanza, maswali ya mahojiano, picha, ujumbe wa sauti aliorekodi: hivi viwe sehemu ya kazi inayokabidhiwa. Kijana akijua tangu siku ya kwanza kwamba daftari lake litakaguliwa, ataliandika. Hii ingetibu hata udanganyifu wenyewe, kwa sababu mashine inaweza kutoa ripoti safi, lakini haikai ufukweni maji yakitoka na yakirudi.

Tatu, tufundishe alama za uandishi kwa kina. Wanafunzi wengi wanamaliza sekondari wakiwa na nukta, mkato na alama ya kuuliza tu. Nyingine wamezikariri kwa ajili ya swali la mtihani. Wanapokutana na mwenzao anayezitumia vizuri, wanaona kituko, na mwalimu naye anaona kituko. Mwanafunzi aonyeshwe sentensi moja ikiwa na mkato, kisha mabano, kisha kistari, aulizwe inabadilika vipi. Somo moja la namna hiyo linazidi orodha ya alama kumi ubaoni.

Kwa waandishi vijana nina neno pia. Msikimwage kistari kama chumvi kila mahali. Aya yenye vistari vitatu inachosha, iwe imeandikwa na mtu au na mashine, nami nikiipata nakata viwili. Lakini pale sentensi inapokihitaji, kiwekeni, na mjue sababu, ili mkiulizwa mjibu. Msiandike kwa woga. Nimeshaanza kupokea miswada iliyokaushwa, sentensi fupi fupi zisizo na pumzi, na mwandishi ananiambia alikuwa na lugha nyingine lakini ameogopa kuitwa roboti. Lugha ikipunguzwa kwa woga, hasara ni yetu sote tunaoisoma.

Sheria ya Ushahidi ya nchi hii inamtaka anayedai jambo mahakamani alithibitishe. Chuo si mahakama, najua, lakini tuhuma ya wizi wa kazi inamharibia mtu matokeo, mkopo na jina. Ndiyo maana naviomba vyuo viingize kifungu kimoja katika kanuni zao za mitihani kabla ya mwaka mwingine wa masomo kuanza: mwanafunzi asinyimwe alama kwa tuhuma ya akili mnemba mpaka awe ameitwa, ameulizwa juu ya kazi yake, na rasimu na madaftari yake yameangaliwa. Kifungu hicho ni kifupi, kinaweza kuandikwa katika kikao kimoja. Wahariri wenzangu nao waweke utaratibu huo huo kwa miswada wanayoletewa. Kama watahitaji msaada wa kuuandika, nipo, na sitadai malipo.